Tubishe Hodi Kwenye Makufuli ya Kidijitali

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nimetimiza miaka 30 na bado naitwa mwanafunzi, jambo ambalo mama yangu halifurahii hata kidogo. Leo siandiki juu ya viza wala bei ya vyumba hapa Sydney, maana hayo tunayaongea kila tukikutana. Naandika juu ya sheria moja ambayo wengi wetu tunaipita kama vile haituhusu, halafu mwisho nitawaomba kitu.

Mambo yalianza na simu. Mjomba wangu ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja ya wilaya huko nyumbani, Kanda ya Ziwa. Alipiga saa tatu usiku za hapa, kwake ilikuwa saa nane mchana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Uko chuo au kwenye maboksi?"

"Niko kwenye treni, natoka maabara."

"Haya. Wewe si injinia? Hebu nisaidie."

Akanieleza. Hospitali yao ilipewa msaada wa mashine ya ultrasound, ile ya kuangalia mtoto tumboni. Ilikuja imeshatumika ughaibuni, lakini ilikuwa nzima. Siku moja umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, kama mnavyoujua wenyewe, ukaunguza bodi ya kuingizia umeme. Mjomba hakukaa akalia. Alitafuta mpaka akapata mashine nyingine mbovu ya aina ile ile, akatoa bodi yake, akaifunga. Mashine ikawaka. Halafu ikaandika kwenye kioo kwamba kuna kipande isichokitambua, na kwamba ili iendelee inahitaji namba ya siri ya fundi wa kampuni.

Wakampigia wakala wa kampuni, ambaye yuko nchi nyingine. Akawajibu kwamba namba hiyo hapewi mtu wa nje, mpaka fundi wao aje mwenyewe. Nauli, malazi na ada yake vilizidi fungu zima la matengenezo la idara ya mjomba kwa mwaka.

"Mashine ni nzima, mjomba," aliniambia. "Imekataa tu kazi. Na kina mama tunawapandisha gari kwenda hospitali ya mkoa. Kufuli lenyewe liko kwenye programu. Wewe uko huko kwa wenye nayo, lifungue."

Nilimjibu nitaangalia. Siku ya pili nikamuuliza jamaa mmoja tunayefanya naye kazi maabara, mwenyeji wa hapa hapa, kama anajua pa kupata kifaa cha kupita kufuli la namna ile. Akacheka, akasema kupatikana kinaweza kupatikana, ila niwe mwangalifu, kuna sheria. Nikadhani anatania. Nikaenda kusoma. Kumbe hakuwa anatania.

Sasa hebu tuielewe hiyo sheria, nitajitahidi nisiwachoshe.

Sheria ya hakimiliki ya zamani ilikataza kunakili kazi ya mtu bila ruhusa yake. Hiyo sote tunaijua. Ilipokuja enzi ya kompyuta, wenye kazi wakaanza kuweka makufuli ya kidijitali: kwenye sinema, michezo, vitabu pepe na programu. Halafu ikaja sheria ya pili juu ya ile ya kwanza, inayokataza kulivunja kufuli lenyewe. Hapo ndipo penye shida. Unaweza kuwa hujaiba wala kunakili chochote, na kitu ni mali yako halali, lakini kitendo cha kulifungua kufuli kikawa kosa. Marekani walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998. Kwa kuwa walijua makufuli yatazuia na mambo ya halali, waliweka utaratibu wa misamaha, yaani orodha ya mambo ambayo ukiyafanya huhesabiwi umevunja sheria. Kila baada ya miaka 3 ofisi yao ya hakimiliki hupokea maoni ya watu na kuipitia orodha upya.

Hapa Australia sheria kali ya aina hiyo iliingia ndani ya begi la biashara. Mkataba wa biashara huria kati ya Australia na Marekani ulianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2005, na ndani yake Australia iliahidi kuyalinda makufuli kwa mtindo wa Kimarekani. Mwaka huo huo, tarehe 6 Oktoba, mahakama ya juu kabisa ya hapa iliamua kesi ya Stevens dhidi ya Sony. Stevens alikuwa akiuza na kufunga vijichipu vya kuiwezesha PlayStation kucheza diski ambazo mashine ilizikataa, zikiwamo nakala za magendo na zile halali zilizonunuliwa nchi nyingine. Mahakama ikasema kufuli la Sony halikuwa kufuli linalolindwa na sheria iliyokuwapo wakati ule, kwa sababu halikuzuia kunakili, lilizuia tu diski isichezeke. Stevens akashinda. Lakini mkataba ulikuwa umeshasainiwa, na sheria mpya ilikuwa lazima itungwe.

Hapo kukatokea jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Kabla ya kutunga sheria mpya, kamati ya Bunge ilikaribisha maoni ya watu juu ya misamaha. Wakaandika watu wa maktaba, vyuo, vyama vya wasioona, watengeneza programu na wenye studio za muziki na filamu. Ripoti ikatoka mapema mwaka 2006, sheria ikapita mwisho wa mwaka huo, na misamaha ikaanza tarehe 1 Januari 2007.

Mnataka kujua kama maoni yale yalifaa kitu? Wale mliokuja zamani mtakumbuka mambo ya DVD. Dunia iligawanywa kanda: Australia kanda ya 4, sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India kanda ya 5. Unanunua DVD halali, unailipia kwa jasho lako, unaileta Sydney, mashine inakuambia si ya kanda hii. (Zile za kuchomea Kariakoo, ajabu, zilicheza bila kinyongo.) Basi watu walilalamika, wakaandika. Sheria ya 2006 ikaliondoa kufuli la kanda katika makufuli yanayolindwa, kwa sinema na michezo ya kompyuta. Hivyo kuifanya mashine yako hapa ikubali DVD halali uliyonunua nje si kosa. Ni jambo dogo, lakini lilipatikana kwa sababu kuna mtu alikaa chini akaandika.

Na si hilo tu. Sheria yenyewe ya Australia inasema waziri hawezi kupendekeza msamaha mpya mpaka mtu awe ameuomba kwa maandishi, na madhara ya kufuli yawe yameonyeshwa kwa namna ya kuaminika. Soma tena hapo. Msamaha hauji kwa sababu ni haki, wala kwa sababu serikali ina huruma. Unaanza na barua ya mtu. Asiyeandika, kwa sheria hii, hayupo.

Nawapa mifano ya waliobisha hodi. Wasioona wa Marekani waliomba ruhusa ya kupita kufuli la vitabu pepe vilivyokataa kusomwa kwa sauti na kompyuta. Walipewa mwaka 2003, na wakalazimika kurudi kuomba tena na tena kila duru ilipokuja. Hawakuchoka. Wakulima na mafundi wa Marekani waliomba ruhusa ya kuingia kwenye programu za magari na matrekta yao ili wayatengeneze, wakapewa mwaka 2015. Na mwaka 2021 (hapa ndipo niliposimama kwenye kiti) kwa utaratibu ule ule ulitolewa msamaha wa kupita makufuli ya vifaa tiba kwa ajili ya uchunguzi, matunzo na matengenezo. Duru ya 2024 ikauendeleza. Yaani kazi aliyotaka kuifanya mjomba wangu, fundi mwenzake wa Marekani ana karatasi ya serikali inayomruhusu.

Na hapa kwetu tulipo? Mwaka 2021 Tume ya Tija, ambayo wenyeji huiita Productivity Commission, ilimaliza uchunguzi wake juu ya haki ya kutengeneza vitu. Ilipendekeza sheria ya hakimiliki irekebishwe ili taarifa za matengenezo ziweze kunakiliwa na kushirikishwa, na ili mafundi waweze kupata kihalali vifaa vya kufikia taarifa zilizofungiwa kwa kufuli. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kuna sheria inayowabana wenye makampuni ya magari wawauzie mafundi wa nje taarifa za matengenezo kwa bei ya haki. Matrekta na pikipiki hazikuingizwa humo, na vifaa vya hospitali si magari.

Bado kuna kasoro moja kubwa ambayo ni lazima niiseme. Hata ukiwa na msamaha wa kulifungua kufuli, sheria iliyotokana na ule mkataba inabana sana utengenezaji na uuzaji wa kifaa cha kulifungulia. Ni kama kuambiwa unaruhusiwa kula muhogo, lakini hakuna anayeruhusiwa kukuuzia kisu wala sufuria. Kamati ya Bunge ya 2006 yenyewe iliilaumu kasoro hii kwa maneno makali. Kwa profesa mwenye maabara si tatizo, atajitengenezea kisu chake. Kwa mjomba wangu ni tatizo, maana atakipata wapi kama mwenye kujua kukitengeneza anaogopa kukiuza? Atakipata gizani, kwa mtu asiyemjua, na hatajua kimetiwa nini ndani.

Isitoshe, wanasheria wenyewe wanabishana kama kufuli la mashine ya kutengenezwa linaingia kwenye sheria hii au haliingii. Wengine watasema basi fungua tu, ukishitakiwa utajitetea kama Stevens. Jamani, Stevens alishinda mbele ya jaji wa kwanza mwaka 2002, akashindwa kwenye rufaa 2003, akashinda tena 2005. Ni nani kati yetu mwenye viza ya mwanafunzi na saa 48 za kazi kwa wiki mbili atakayesimama mahakamani miaka yote hiyo?

Najua wapo watakaouliza: hii ni sheria ya Australia, mjomba wako yuko Tanzania, inamhusu nini? Swali zuri. Kwanza, mashine anazotumia, vitabu vya maelekezo yake na vifaa vya kuzifungulia vinatoka nchi kama hizi. Vikifungwa huku, vinafungwa na kule. Pili, sheria hizi husafiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inahesabu kuvunja kufuli kuwa ukiukaji. Na mwaka 2020 Marekani ilipotangaza malengo yake ya mazungumzo ya biashara na Kenya, iliweka wazi kwamba inataka ulinzi wa hakimiliki ufanane na wa sheria zake. Mkataba ule haukukamilika, lakini begi ni lile lile lililokuja Australia mwaka 2005. Siku likifunguliwa Nairobi au Dodoma, ni nani atakayekuwa ameshalichungulia ndani? Sisi tunaoishi kwenye nchi iliyolipokea.

Tatu, nyumbani nako milango ipo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Tanzania kamati za Bunge huwaita wadau watoe maoni juu ya miswada. Na tumeshaona mfano mzuri: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu au vya kusikiliza kwa ajili ya wasioona. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Haukushuka kutoka mbinguni. Vyama vya wasioona duniani vilipiga kelele miaka mingi mpaka vikasikika. Mafundi wetu hawana chama cha kuwapigia kelele huko Geneva. Wana wapwa wao walioko vyuoni.

Wengine wataniambia, wewe injinia unatetea wezi. Wasanii wetu wa Bongo Fleva na waigizaji wetu wameibiwa mpaka wamekonda, leo unataka makufuli yavunjwe? Hapana. Nina rafiki yangu anayetengeneza muziki na nimeona machozi yake. Kufuli la wimbo lina maana yake. Lakini mjomba hakutaka kunakili programu ya ultrasound akaiuze sokoni. Alitaka mashine iwake. Msamaha hauondoi kufuli kwa wote, unasema fulani, kwa kazi fulani ya halali, apite. Mtu akiiba, sheria ya wizi ipo pale pale.

Lipo na lile la usalama, na hili silipuuzi kwa sababu ni kifaa cha hospitali. Makampuni husema fundi wa nje ataharibu, mgonjwa aumie. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ililichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwaka 2018. Ilisema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha kwamba kuna tatizo kubwa la kiafya linaloletwa na mafundi hao, tena ikasema kuendelea kuwapo kwao ni muhimu kwa hospitali. Na nisiwe mwongo: makufuli si sababu pekee ya mashine kufa kwetu. Utafiti wa Perry na Malkin wa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo havifanyi kazi, na sababu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Ni kweli. Lakini mjomba wangu mafunzo anayo, spea aliipata, na umeme siku ile ulikuwapo. Kilichobaki kilikuwa namba ya siri. Inauma zaidi pale ambapo umeshashinda yote mengine.

Sasa ombi langu. Tume ya Tija ilipokaribisha maoni mwaka 2021, jumuiya yetu haikupeleka hata mstari mmoja. Nimewauliza viongozi waliotutangulia, wakaniambia hawakujua, na hata wangejua wangedhani ni mambo ya wenyeji. Siwalaumu, mimi mwenyewe ningedhani hivyo hivyo. Ila sasa tunajua. Tume ile na kamati za Bunge hupokea maoni ya mtu yeyote anayeguswa na jambo, hakuna anayekuuliza uraia wako mlangoni. Waswahili tulishasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na adhabu ya kaburi aijuaye maiti: hakuna mtaalamu wa Canberra atakayewaeleza habari za bodi iliyotolewa kwenye mashine mfu ikafungwa kwenye mashine hai, kama sisi hatutawaeleza.

Napendekeza tufanye hivi. Kila mmoja wetu ampigie ndugu au rafiki aliyeko nyumbani, fundi wa hospitali, wa trekta, wa simu, mkutubi au mwalimu wa wasioona, amuulize kama ameshakutana na kufuli la kidijitali lililomzuia kufanya kazi halali. Aandike mambo matatu tu: ni kifaa gani, kufuli lilizuia nini, na lilimgharimu nini, pamoja na tarehe, picha ya kioo na barua kama ipo. Tusikusanye hasira, tukusanye ushahidi, kwa sababu sheria inataka madhara yaliyoonyeshwa. Wenzetu wa sheria, wapo kama wanne humu ndani nawajua, watusaidie kuyapanga. Halafu tuwe na jalada letu tayari. Mlango wa maoni ukifunguliwa hapa, tunapeleka. Ukifunguliwa Dodoma, Nairobi au Kampala, tunapeleka pia. Milango hii hufunguliwa wiki chache tu, na anayeanza kutafuta kalamu siku hiyo amechelewa.

Mimi nimeshaandika ukurasa wa kwanza wa jalada hilo. Ni habari ya mjomba. Nilimpigia kumwomba ruhusa, nikamweleza kwamba sikulifungua kufuli lake na sababu zake. Alinyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo mashine haiwaki," akasema.

"Bado, mjomba."

"Na hiyo barua unayoandika itaiwasha?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hii yake pengine haitaiwasha, lakini ya mwenzake itakayokuja baada ya miaka mitano huenda ikawaka. Akaguna, akaniambia nihakikishe nimeandika aina ya mashine sawasawa, asije mtu akasema fundi wa wilaya hajui anachokisema. Jioni ile ile akanitumia picha tatu za kile kioo, moja baada ya nyingine, na tarehe ameziandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu pembeni.

Nazo nimeziweka kwenye jalada. Nasubiri za kwenu. Naomba kuwasilisha.